Shahada ya Teknolojia kwa Njia ya Mtandao: Namna ya Kuchagua Ukiwa Arusha au Moshi

Mwezi wa Aprili, katikati ya masika, watu wawili waliniuliza swali lilelile ndani ya wiki moja. Wa kwanza alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Ujerumani na mwenye pasipoti ya huko, ambaye amekuja Moshi kukaa na bibi yake kwa muda. Wa pili alikuwa kijana wa Arusha anayeongoza watalii mlimani na mbugani, ambaye ameona kwamba magoti hayatamtumikia maisha yote. Wote wawili walitaka kusoma shahada ya kwanza ya teknolojia kupitia intaneti, kwa ada wanayoweza kuimudu, bila kuacha shughuli zao. Kwa kuwa ninafundisha kompyuta na mimi mwenyewe nilisoma kwa masafa, nilidhani ningewajibu kwa dakika kumi, lakini jibu lilinichukua jioni tatu. Hapa nimelipanga upya kwa ajili ya yeyote aliye katika hali kama zao.

Kwanza, cheti kitatambuliwa na nani?

Kabla ya kuangalia ada, jiulize karatasi utakayopewa mwishoni utaipeleka kwa nani. Anayetaka kuajiriwa serikalini hapa Tanzania ameshawahi kusoma katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwamba waliosoma nje ya nchi wanapaswa kuhakikisha vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka zinazohusika. Kwa shahada, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na kwa vyeti vya sekondari vya nje ni Baraza la Mitihani. Hata anayelenga kampuni binafsi leo anaweza kutaka kusoma shahada ya uzamili kesho, pengine palepale Tengeru katika Taasisi ya Nelson Mandela, na mlangoni ataulizwa swali hilohilo.

Hapa pana jambo linalowaponyoka wengi. Baadhi ya vyuo vya Ulaya hupokea wanafunzi bila kuwauliza vyeti vya awali. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969, kimejengwa juu ya msingi huo, na ni msingi mzuri unaostahili heshima. Lakini unapoomba TCU iitambue shahada ya nje, unaombwa kuwasilisha pia vyeti vyako vya sekondari. Kigezo cha kawaida cha kuingia shahada ya kwanza hapa nchini ni prinsipo mbili za Kidato cha Sita zenye jumla ya pointi 4.0, au stashahada yenye wastani usiopungua 3.0. Kama hukufika hapo, usikimbilie chuo cha nje kwa sababu tu kimekufungulia mlango. Waandikie TCU kwanza, utaje chuo, kozi na vyeti ulivyo navyo, kisha uhifadhi jibu lao. Barua hiyo moja inaweza kukuokolea miaka minne. Huenda pia ukagundua kwamba njia fupi zaidi ni kusoma stashahada kwanza, au kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Upande wa pili wa utambuzi ni chuo chenyewe. Katika nchi za Ulaya, wakala za ithibati (zinazothibitisha ubora wa vyuo) zinazoaminika zimeorodheshwa katika rejesta ya Ulaya ya udhibiti wa ubora iitwayo EQAR, iliyoanzishwa mwaka 2008, na mtu yeyote anaweza kuingia kwenye hifadhidata yake, DEQAR, akatafuta jina la chuo bila malipo. Kwa Uingereza, angalia rejesta ya Office for Students, mdhibiti wa elimu ya juu, kwa vyuo vya England. Usiridhike na maneno yaliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo, kwa kuwa matapeli nao wanajua kuandika neno "ithibati", na wengine wameunda hata wakala bandia za kujithibitisha wenyewe. Rafiki yangu mmoja alilipia "shahada" iliyotolewa kwa kuhesabu uzoefu wake wa kazi tu, bila mtihani hata mmoja. Karatasi ilifika na muhuri wa dhahabu, na hakuna ofisi iliyoipokea. Chuo kinachokupa shahada nzima bila kukupima hakiuzi elimu, hata kama jina lake lina neno Ulaya ndani yake.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu fedha

Wengi hutenganisha ada na ratiba, wakidhani hayo ni maswali mawili. Nimeishi nayo kiasi cha kutosha kusema kwamba ni swali moja: chuo kinakutoza vipi siku unapopunguza mwendo? Na utapunguza mwendo, kwa sababu utauguliwa, utafiwa, utapata kazi ya ghafla, au umeme utakatika wiki ya mtihani.

Kwa hiyo anza na saa. Shahada ya kwanza ya Tanzania ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha kusikiliza, kusoma, mazoezi na mitihani. Hizo ni saa 3,600. Uingereza hutumia hesabu hiyohiyo. Nchi nyingine za Ulaya hutumia mfumo wa krediti uitwao ECTS, ambapo mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60 na kila krediti ni saa 25 hadi 30; shahada ya krediti 180 kwa hesabu hiyo ni saa 4,500 hadi 5,400. Usishtushwe na tofauti, kwani zote ni shahada za miaka mitatu ya muda wote na namna ya kukadiria ndiyo inayotofautiana, lakini usidanganyike pia kwamba utaimaliza kwa kutazama video kwenye daladala.

Sasa chukua kalenda yako halisi. Kijana wa Arusha tuliketi naye tukafanya hesabu yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari, yuko katika kile tunachokiita hai sizoni, yaani msimu wa wageni wengi, na safari moja ya Kilimanjaro humchukua siku sita, saba au zaidi, sehemu kubwa ya siku hizo bila mtandao wa kutegemea. Tulimwekea wastani wa saa nne tu kwa wiki katika wiki hizo 35, ambazo ni saa 140. Machi, Aprili, Mei na Novemba, wageni wanapopungua, anaweza kusoma saa 30 kwa wiki kama mtu aliye kazini. Wiki 17 za namna hiyo ni saa 510. Kwa mwaka mzima ana saa 650. Ukigawa 3,600 kwa 650, unapata miaka mitano na nusu.

Alinyamaza kidogo aliposikia hivyo, na ninaelewa, kwa kuwa tangazo lililomvutia lilisema miaka mitatu. Lakini miaka mitano na nusu iliyohesabiwa ni bora kuliko mitatu iliyootwa, na hesabu hiyo ilimwambia jambo muhimu kuliko muda: anahitaji chuo kinachomruhusu kuchukua masomo mengi wakati wa masika na kutochukua hata moja mwezi wa Agosti, tena bila kutozwa kwa mwezi huo.

Aina ya ada ndiyo ratiba yako

Vyuo vya mtandaoni hutoza kwa njia tatu kubwa, yaani kwa mwezi, kwa somo, au kwa mwaka, na tofauti hiyo ina uzito kuliko tarakimu yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kimoja kinatoza euro 150 kwa mwezi, na chuo cha pili kinatoza euro 250 kwa somo, kikiwa na masomo 30. Kwa haraka haraka cha kwanza kinaonekana cha bei nafuu, na kwa mtu anayemaliza kwa miezi 36 ni kweli, kwa sababu atalipa euro 5,400 badala ya euro 7,500. Lakini kijana wetu wa miaka mitano na nusu ana miezi 66, na kwa chuo cha kwanza atalipa euro 9,900, huku chuo cha pili kikibaki palepale kwenye 7,500. Chuo cha mwezi kwa mwezi kinamfaa mtu mwenye muda mwingi na fedha za uhakika. Chuo cha somo kwa somo kinamfaa mwenye maisha ya misimu, mkulima wa kahawa, mwongoza watalii, mama mwenye mtoto mchanga. Ada ya mwaka ni ngumu zaidi kwa watu wetu, kwa kuwa unalipa kwanza kisha ndipo unajua kama mwaka utakuruhusu kusoma.

Nilijifunza haya kwa gharama. Mara ya kwanza nilijiandikisha katika chuo kimoja cha nje kilichotoza kwa mwezi, nami sikusoma ukurasa wa kuahirisha masomo. Baba yangu aliugua, nikawa nashinda hospitalini, na kwa miezi minne nililipia masomo ambayo sikuyafungua hata mara moja, kwa kuwa kuahirisha kulitakiwa kuombwa kabla ya muhula kuanza. Tangu hapo, ukurasa wa kwanza ninaousoma katika kanuni za chuo chochote ni ule wa kuahirisha, kurudia mtihani na kurejeshewa fedha. Nakushauri uanze hapo hapo, hata kabla ya kuangalia orodha ya masomo.

Baada ya ada yenyewe, kuna gharama zinazofichama: ada ya maombi, ada ya mtihani, ada ya kurudia mtihani, malipo ya kusimamiwa kwa kamera, vitabu, kutumiwa cheti kwa posta, na malipo ya kukihakiki hapa nyumbani. Chuo kiitwacho University of the People, cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 2009, ni mfano mzuri wa kujifunzia kusoma maandishi madogo. Hakitozi ada ya mafundisho, na hilo ni kweli, lakini hutoza ada ya tathmini kwa kila kozi na ada ya maombi, kwa hiyo neno "bure" lazima lifanyiwe hesabu ya kozi zote hadi ya mwisho. Ninawaheshimu kwa kuwa ada hizo wanazitaja wazi. Ni msomaji anayeishia kwenye kichwa cha habari ndiye anayejiumiza.

Jambo jingine ni sarafu. Mshahara wako ni wa shilingi na ada ni ya euro, pauni au dola, na katika miaka mitano shilingi haitakaa mahali pamoja. Ongeza akiba juu ya hesabu yako, lipa somo moja moja inapowezekana, na kabla ya kujiandikisha jaribu kulipia kitu kidogo kwa kadi yako ya benki au kadi ya mtandaoni ya simu, uone kama malipo ya nje yanapita na benki inakata kiasi gani.

Vyuo gani vya kuanza kuvichunguza

Kwa mpwa wangu jibu lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anayesoma katika nchi nyingine ya Umoja huo hutozwa ada sawa na wenyeji, na vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani viliondoa ada ya mafundisho kwa shahada ya kwanza katika majimbo yote kufikia mwaka 2014, isipokuwa kwamba jimbo la Baden-Württemberg lilirudisha ada ya euro 1,500 kwa muhula mwaka 2017 kwa wanaotoka nje ya Umoja. Uingereza ni habari nyingine: tangu mwaka wa masomo 2021/22, wanafunzi wapya kutoka nchi za Umoja wa Ulaya kwa jumla hawahesabiwi tena kama wenyeji katika ada za England. Kwa masafa, Ujerumani ina FernUniversität ya Hagen, chuo kikuu cha umma kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho hata hivyo hutoza kwa moduli, yaani kwa kila somo, na kinachokuruhusu kujiandikisha kwa muda wote au kwa nusu muda. Kina shahada ya infomatiki. Kijerumani anacho tangu utotoni, na nilimwambia asitafute mbali.

Kwa kijana wa Arusha nilitaja Hagen vilevile, na hapa mji wetu una utajiri ambao hatuutumii. Waongoza watalii wengi wa Arusha na Moshi wamejifunza Kijerumani, Kihispania au Kifaransa kwa ajili ya wageni. Anayejua Kihispania kwa kiwango cha kusoma vitabu anaweza kuchunguza UNED, chuo kikuu cha masafa cha serikali ya Hispania kilichoanzishwa mwaka 1972, au Universitat Oberta de Catalunya ya Barcelona, ambacho kilizaliwa katika miaka ya tisini kikiwa cha mtandaoni tangu mwanzo. Lakini pima lugha yako kwa haki: kuongea habari za simba na kuandika mtihani wa hisabati ni vitu viwili tofauti.

Kwa wanaosomea Kiingereza, Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitoa shahada kwa watahiniwa wa mbali tangu mwaka 1858, na Nelson Mandela mwenyewe alisoma sheria kwa mfumo huo akiwa gerezani Robben Island. Shahada ya chuo hicho ya sayansi ya kompyuta ya mtandaoni ilianza mwaka 2019, mitaala ikiongozwa na Goldsmiths, na mwanafunzi hupewa kati ya miaka mitatu na sita kuimaliza. Miaka sita inatosha hesabu ya kijana wetu, ingawa inamwachia nafasi ndogo sana ya kuteleza.

Na usiruke kilicho karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, Arusha na Kilimanjaro zikiwemo, kina shahada ya teknolojia ya habari na mawasiliano, na ada yake ni ya shilingi. Mtihani unaufanyia kituoni, si sebuleni ukiombea umeme. Kwa mtu anayelenga utumishi wa umma, mimi ningeanza hapo, kisha cha Ulaya kipimwe dhidi yake na kioneshe kinachoongeza.

Mtihani, umeme na saa za Ulaya

Uliza mtihani unafanyikia wapi. Vyuo vingine huhitaji uende kwenye kituo katika nchi fulani, na safari moja ya Nairobi au Dar es Salaam kila muhula hubadilisha hesabu yote. Vingine hukusimamia kwa kamera, na hapo unahitaji chumba cha peke yako, kompyuta yenye betri nzima, na njia mbili za intaneti, kwa mfano modemu ya mtandao mmoja na simu yenye bando la mtandao mwingine. Uliza kwa maandishi kinachofanyika umeme ukikatika katikati ya mtihani. Jibu lisiloeleweka ni jibu tosha.

Saa nazo zina mitego yake. Wakati wa baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu, na wakati wa kiangazi chao kwa saa mbili. Ujerumani ni saa mbili na saa moja. Kazi inayotakiwa kufikia saa 23:59 za London mwezi Januari, kwetu ni saa nane usiku na dakika 59. Kipindi cha moja kwa moja cha saa 12 jioni kule ni saa tatu usiku hapa, jambo linalomfaa mwenye duka na kumuumiza anayeamka alfajiri kuwapokea wageni uwanja wa ndege wa KIA. Pendelea vyuo vinavyorekodi vipindi na kuruhusu kupakua maandishi yake, kwa kuwa video ya saa moja inaweza kula nusu gigabaiti au zaidi, na maandishi yaleyale hayali chochote cha kuhesabu.

Kuhusu mtaala sitasema mengi. Tafuta hisabati, algoriti, mifumo endeshi, hifadhidata, mitandao na mradi wa mwisho. Shahada inayofundisha zana za mwaka huu tu, bila misingi hiyo, itazeeka pamoja na zana zake. Mradi wa mwisho uwe wako mwenyewe. Ningependa kuona mtu wa Moshi akitengeneza mfumo wa kumbukumbu za kahawa kwa chama chake cha msingi, na mwalimu wa Ulaya akilazimika kuuliza chama cha msingi ni nini.

Jaribio la wiki sita, kisha barua

Kabla ya kulipa chochote, chukua kozi ya bure ya chuo kinachoheshimika, kwa mfano CS50 ya Harvard, uisome kwa wiki sita katika maisha yako yaleyale, si likizoni. Weka daftari kando ya kompyuta na uandike kila siku ulianza saa ngapi na uliacha saa ngapi. Mwisho wa wiki ya sita jumlisha, gawa kwa sita, nawe utakuwa na idadi yako ya kweli ya saa kwa wiki. Rudi nayo kwenye hesabu ya saa 3,600 uone miaka yako, kisha zidisha kwa aina ya ada ya kila chuo ulichokichagua.

Ukibaki na vyuo viwili au vitatu, viandikie barua pepe yenye maswali yaleyale: jumla ya malipo hadi kupata cheti ni kiasi gani kwa mtu anayeishi Tanzania na kusoma kwa miaka uliyoipata, naweza kuahirisha kwa muda gani, niombe lini, na nitatozwa nini nikiwa nimeahirisha, muda wa mwisho wa kumaliza ni upi, mtihani unafanyikia wapi na kurudia kunagharimu nini, stashahada au kozi nilizosoma zinaweza kunipunguzia masomo mangapi, ithibati imetolewa na nani na inaisha lini. Waombe wajibu kwa maandishi, si kwa simu, na uyatunze majibu mahali pamoja na jibu la TCU.

Mpwa wangu alijibiwa ndani ya siku tatu. Kijana wa Arusha alijibiwa na vyuo viwili kati ya vitatu alivyoviandikia, na cha tatu, ambacho ndicho kilichokuwa na tangazo zuri kuliko vyote, kilimpigia simu mara nne kikimhimiza alipe kabla ya punguzo kwisha, bila kujibu swali lolote kwa maandishi. Amekifuta kwenye orodha, na sasa yuko wiki ya nne ya jaribio lake akiwa na wastani wa saa tisa kwa wiki.